Aliyesema hakusaini

Watu wote waliniuliza swali moja. Mume wangu aliuliza, dada yangu aliuliza kwa simu kutoka Moshi, mwalimu wa zamu aliuliza mbele ya wanafunzi, hata mama anayetupikia chai shuleni alisimamisha upawa hewani akauliza: "Ulikwenda na fundi?"

Hakuna hata mmoja aliyeuliza muuzaji alisema nini. Ukiibiwa simu kwenye mwendokasi, watu humlaani mwizi kwanza, ndipo wakuulize uliiweka mfuko gani. Ukiuziwa gari bovu, mwizi hatajwi. Mnabaki wawili tu kwenye mazungumzo, wewe na uzembe wako.

Na kwa taarifa yao wote, nilikwenda na fundi.

Ilikuwa Februari 2020. Nilikuwa na mkopo wa saccos ya walimu, milioni sita za makato ya miaka mitatu, na akiba ya vicoba iliyonichukua muda mrefu kuliko ujauzito wa watoto wangu wote wakijumlishwa. Nilikuwa nataka IST. Mtu wa Dar hahitaji kuelezwa IST ni nini, ila kama unanisoma kutoka mbali: ni Toyota ndogo yenye injini ya lita 1.3 au 1.5, spea zake Kariakoo unazipata hata ukiwa umefumba macho, inakunywa mafuta kwa adabu, na iko juu kidogo, kiasi cha kuvuka makorongo ya kwetu Kimara wakati wa masika bila kukwaruza tumbo. Umbo lile la kwanza lilitengenezwa kuanzia 2002 hadi 2007 basi. Kenya hawaruhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Sisi tunaruhusu, ila ushuru unapanda gari likizeeka. Kwa hiyo magari tunayogombania kwenye yadi zetu ni ya umri wa kutosha. Langu lilikuwa la 2004. Lingekuwa mtoto, lingekuwa linajiandaa na mtihani wa kidato cha nne.

Yadi yenyewe siitaji. Ilikuwa kando ya barabara kubwa, ina bendera ndogondogo za plastiki, kontena lililogeuzwa ofisi, na magari yaliyong'arishwa mpaka unajiona sura. Kijana mmoja mwenye tabasamu na rundo la funguo alitupokea. Akaniuliza bajeti, nikaitaja. Hilo nalo ni kosa, lakini tuliache.

"Madam, nina kitu chako," akasema, akatupeleka mpaka kwenye IST ya rangi ya fedha, namba D. "Hii ilikuwa ya mama mmoja wa benki. Nyumbani ofisini, ofisini nyumbani. Jumapili kanisani. Haijawahi kutoka nje ya Dar."

Nikachungulia dashibodi. Kilometa 74,612.

"Hizo kilometa ni zenyewe?"

"Madam, mimi nina watoto. Hazijaguswa."

Mimi nafundisha hisabati. 74,612 ukigawa kwa miaka 16 unapata kama 4,660 kwa mwaka, na hizo ukizigawa kwa siku 365 unapata kilometa 13 hivi kwa siku. Mama wa benki anayeishi kilometa sita kutoka kazini, na gari lililoendeshwa hivyo hivyo Japani kabla hajalipata, miaka yote, bila msiba wa Tanga hata mmoja. Hesabu ya darasa la sita. Sikuifanya. Nilikuwa nimeshaketi kwenye usukani na nimeshapanga mtoto yupi atakaa wapi.

Fundi wangu alifanya kazi yake, namtetea hapo. Alifungua boneti, akachomoa kijiti cha oili, akanusa, akafungua kifuniko cha juu kuona kama kuna utandu mweupe, akawasha, akazunguka nyuma kutazama moshi, akalala chini kukagua shokapu na bushi. Alisema injini iko sawa, na injini kweli ilikuwa sawa. Kitu kimoja alikisema kwa sauti ndogo ambacho nimekikumbuka baadaye: "Injini imeshapata moto, mmeiwasha kabla hatujafika?" Kijana akajibu kwamba walikuwa wanalisogeza tu ili kuosha. Halafu tukaomba kulijaribu barabarani. Bima imeisha, wakasema, kwa hiyo dereva wao ataendesha. Tukaenda mpaka kwenye kituo cha mafuta cha jirani na kurudi. Dakika nne.

Bei ikashuka kutoka milioni kumi na nusu hadi tisa na laki nane. Nikajiona mjanja.

Mkataba ulikuwa wa karatasi moja, wakili alikuwa ofisi ya tatu kutoka pale. Jina la muuzaji lilikuwa la mwanamume. Saini yake ilikuwepo tayari, pamoja na kivuli cha kitambulisho chake cha NIDA. "Mwenye gari yuko Dodoma kikazi, amesaini kabisa ili usisumbuke." Nikauliza, si ilikuwa ya mama wa benki? "Huyo ni mumewe." Muhuri ukagongwa. Katikati ya karatasi kulikuwa na sentensi ambayo kila aliyenunua gari la mkononi nchini hapa ameisaini, na wengi hatujawahi kuisoma: *Mnunuzi amelikagua gari na ameridhika nalo katika hali lililonalo. Muuzaji hatahusika na kasoro yoyote itakayojitokeza baada ya mauziano haya.*

Angalia jinsi ilivyopangika. Kijana wa funguo ndiye aliyeniambia habari za mama wa benki, za kanisa, za kilometa zisizoguswa. Jina lake halimo popote. Mwanamume wa Dodoma ndiye aliyesaini, na hajanitamkia hata neno. Aliyesema hakusaini, na aliyesaini hakusema. Mimi peke yangu ndiye niliyefanya vyote viwili.

Siku ya kumi na tisa, kwenye foleni ya Ubungo, gari liligoma kuondoka. Halikuzima. Nakanyaga mafuta, injini inapandisha sauti, gari limesimama, kisha linashtuka na kuruka mbele kama limekumbuka jambo. Aliyekuwa nyuma yangu alipiga honi nami nikaanza kulia, na siyo kwa sababu ya honi. Likipoa asubuhi linakwenda vizuri. Likishapata moto, baada ya nusu saa ya foleni, gia zinateleza.

Fundi wangu alichomoa kijiti cha giaboksi. Mafuta ya giaboksi, ATF, yanatakiwa yawe mekundu kama juisi ya rozela. Haya yalikuwa na rangi ya kahawa na yalinuka kuungua. "Hapa sahani zimekwisha," akasema. "Hii si ya wiki tatu, dada. Hii ya muda." Kwa nini hakukichomoa siku ile yadi? Alinyamaza kidogo, akasema alikuwa anaangalia injini. Sikumlaumu, nilikuwa nimemlipa elfu thelathini na soda.

Wakati anafungua mlango wa dereva kutafuta kitu ndipo alipoiona. Kwenye nguzo ya mlango, chini kabisa, karibu na bawaba, palikuwa na stika ndogo iliyofifia, ya maandishi ya Kijapani. Mafundi wa Japani wana tabia hiyo: wakibadilisha oili wanabandika karatasi inayosema lini wamebadilisha, gari lilikuwa limetembea kilometa ngapi, na litatakiwa kurudi likifika ngapi. Maandishi hatukuyaelewa. Tarakimu zinasomeka popote duniani: 118,340.

Dashibodi ilikuwa ndiyo kwanza inavuka elfu sabini na tano.

Kulikuwa pia na tarehe, 27.8.9, ambayo fundi aliisoma kama tarehe 27. Shemeji yangu amefanya kazi za kutoa mizigo bandarini kwa miaka, na ameshika nyaraka za Japani kuliko mtu yeyote ninayemjua. Nilimtumia picha. Akanipigia papo hapo: "Hiyo 27 ni mwaka wao. Heisei 27. Heisei 1 ni 1989, kwa hiyo hiyo ni 2015. Tarehe 9 mwezi wa nane, 2015." Yaani kati ya Agosti 2015 na siku niliyolinunua, gari langu lilikuwa limetembea kurudi nyuma kilometa 43,728.

Shemeji akanifundisha mengine ambayo natamani ningeyajua Januari. Kwamba Japani gari binafsi likishafika miaka mitatu hukaguliwa na serikali, na baada ya hapo kila miaka miwili, na kwamba kilometa zilizosomwa kwenye ukaguzi huandikwa kwenye cheti chake. Kwamba ukaguzi ule una gharama kubwa, ndiyo sababu Mjapani anaona heri auze gari zima la miaka kumi kuliko kulipia tena, na ndiyo sababu sisi tunayapata. Kwamba magari yanapouzwa kwenye minada yao, kila moja lina karatasi yenye alama ya ubora, 4 au 3.5 na kuendelea, na mchoro wa gari wenye herufi za mikwaruzo na mibonyeo, na ukiona R ujue liligongwa likatengenezwa. Baadhi ya nyaraka hizo zinafika Dar. Lakini kinachobaki mkononi mwa mtu wa tatu na wa nne ni kadi ya usajili, na kadi yetu inaandika rangi, chasisi, namba ya injini, mwaka wa kutengenezwa. Kilometa haiandiki. Ukweli wote unaishia kwa mwingizaji wa kwanza.

Kuhusu namna ya kurudisha kilometa sina haja ya kueleza sana. Dashibodi hizi ni za elektroniki. Kuna wanaochomeka kifaa na kuandika namba wanayotaka, na kuna wanaong'oa dashibodi nzima na kuweka iliyotoka kwenye gari lililokufa mapema. Kazi ya muda wa kunywa chai.

Nilirudi yadi nikiwa na picha, mafuta ya giaboksi kwenye chupa ya maji, na hasira niliyoifanyia mazoezi njia nzima. Kijana wa funguo hakuonekana. Bosi mwenyewe, mzee wa makamo mwenye kanzu safi na sauti ya upole, alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza: "Mwanangu, ulikuja na fundi?"

Hata yeye!

Kisha akaniambia jambo ambalo alilisema bila haya, kama mtu anayetaja hali ya hewa. "Lakini gari si yangu. Watu wanaleta magari yao hapa, mimi nawapa nafasi, nachukua kamisheni. Mimi ni dalali tu. Mwenye gari unaye kwenye mkataba, mtafute."

Ni kweli kwamba yadi nyingi zinafanya hivyo, magari ya watu yanaegeshwa na yadi inakula asilimia. Kwa hiyo niliondoka nikiwa nimepoa kama uji wa jana. Ilinichukua siku mbili kupata ujasiri wa kupiga namba iliyoandikwa chini ya saini ya mwanamume wa Dodoma.

Hakuwa Dodoma. Alikuwa Mbagala, hajawahi kuishi Dodoma. Alishtuka zaidi yangu. "Ile gari niliwauzia wao, mwezi wa tisa. Walinilipa yote, milioni saba. Wakaniambia nisaini mkataba niache nafasi ya mnunuzi wazi, watajaza wenyewe." Nikamuuliza mkewe ni wa benki? Akacheka. Hana mke. Hakukuwa na mama. Nikauliza kilometa. "Nimeiacha na laki moja na hamsini na kitu. Giaboksi ilikuwa imeanza kunisumbua, na niliwaambia. Ndiyo maana nikakubali saba."

Hebu tulia hapo kidogo, maana hili si la yadi moja. Yadi inanunua gari kwa mtu, hailibadilishi jina, kwa sababu kila kubadilisha jina kuna malipo yake TRA. Inashika mkataba uliosainiwa nusu. Gari likiuzwa, jina linaruka kutoka kwa mwenye zamani moja kwa moja hadi kwa mwenye mpya, na yadi, ambayo kwa miezi mitano ndiyo iliyokuwa mmiliki, haionekani kwenye karatasi yoyote. Watu husema ni kukwepa gharama tu. Mimi naona faida kubwa iko kwingine: siku ugomvi ukitokea, muuzaji hayupo. Wanapambanishwa watu wawili waliodanganywa wote wawili, mmoja Mbagala na mmoja Kimara, na mwenye maneno amekaa katikati anasema yeye ni dalali.

Nina rafiki tuliyesoma naye, sasa ni wakili. Nilimpelekea kila kitu nikidhani atapiga meza. Akavuta kiti akaniuliza maswali kwa nusu saa. Nitawaeleza alichoniambia kwa maneno yangu, yeye hapendi kunukuliwa.

Kwanza, sheria si adui wa mnunuzi kama tunavyodhani. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inasema ukinunua bidhaa kwa mtu ambaye biashara yake ni kuuza bidhaa za namna hiyo, kuna sharti ambalo halihitaji kuandikwa, kwamba kitu kiwe na ubora wa kufaa kuuzwa. Na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kufanya jambo la kupotosha au linaloelekea kupotosha, ndiyo maana mlalamikaji anaweza kwenda Tume ya Ushindani bila hata kutaja mkataba. Nikaanza kutabasamu.

"Subiri," akasema. Ile ya kwanza ina mkia. Kama mnunuzi amekikagua kitu, sharti lile haligusi kasoro ambazo ukaguzi wake ulipaswa kuzifichua. Nikamtazama. Kwa hiyo kwenda na fundi ndiko kulikoniumiza? Kwa kasoro kama giaboksi, ambayo kijiti chake kiko wazi pale chini ya boneti, wanaweza kulisema hilo. Mtaani nimetukanwa kwa kutokwenda na fundi, na mahakamani ningeweza kushindwa kwa kwenda naye.

Pili ikanichekesha kwa uchungu zaidi. Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, imechotwa kwa kiasi kikubwa kutoka sheria ya India ya 1872. Inasema aliyeridhia mkataba kwa sababu ya maelezo ya uongo anaweza kuuvunja. Lakini inaweka kando mtu ambaye, kama alipotoshwa bila makusudi au kwa ukimya, alikuwa na njia ya kuugundua ukweli kwa uangalifu wa kawaida. Rafiki yangu akagonga kidole kwenye picha ya stika. "Ushahidi wako mkubwa ni huu. Na ushahidi wao mkubwa ni huuhuu. Ilikuwa mlangoni, siku zote, unafungua mlango unaiona." Ningeweza kuwashinda kwa kuthibitisha kwamba walidanganya kwa makusudi, hapo uzembe wangu haungewaokoa kirahisi. Lakini kuthibitisha kilichokuwa moyoni mwa mtu ni kazi, na shahidi wangu wa Mbagala tayari alishaanza kutopokea simu.

Katika sheria ile ya India kuna mfano wa farasi ambao rafiki yangu ameurudia mara mbili, naona anaupenda. Mtu anauza farasi kwenye mnada, anajua farasi si mzima, ananyamaza. Sheria inasema huo si udanganyifu. Lakini mnunuzi akimwambia, "Usipokanusha, nitachukulia farasi ni mzima," na muuzaji akanyamaza, ukimya ule umegeuka kuwa kauli. Nimeufikiria mfano huu mara nyingi kuliko ninavyofikiria somo lolote la chuo. Ujumbe mmoja wa WhatsApp, kabla ya kulipa, ungekuwa farasi wangu: "Kaka, umeniambia kilometa 74,612 hazijaguswa na giaboksi ni nzima. Nikiona hujakanusha nachukulia ndivyo, naleta hela." Aidha angekataa, aidha angenyamaza, aidha angeandika ndiyo. Zote tatu ni bora kuliko tabasamu.

Niende mahakamani au nisiende? Makato ya saccos yalikuwa yanaendelea, gari limelala gereji, na wiki zile ndiyo tulianza kusikia habari za korona. Shule zikafungwa Machi. Nilirudi yadi mara ya tatu, safari hii Jumamosi saa tano asubuhi, na muda huo niliuchagua.

Jumamosi saa tano yadi imejaa. Kulikuwa na mume na mke wanazunguka Noah, vijana wawili kwenye Subaru, na mama mmoja na fundi wake, amekaa kwenye usukani wa Vitz kwa furaha ninayoijua. Sikupiga kelele. Nilisimama katikati nikamuuliza bosi kwa sauti ya darasani, ile ya kufika benchi la nyuma: "Mzee, yule mama wa benki mmempata?" Mara moja akanishika mkono kwa upole. "Mwanangu, twende tukayamalize ndani."

Ndani ya kontena alikuwa mtu mwingine. Siyo mbaya zaidi, ila mchovu. Nikamwambia nimezungumza na mtu wa Mbagala. Hakukanusha. Akafungua droo akatoa daftari, akanionyesha majina. Huyu alinunua Spacio, akaiendesha bila maji mpaka ikachemsha, akarudi kudai ilikuwa mbovu. Huyu mtoto wake aliigonga Kibaha, akainyoosha bodi kimyakimya, akairudisha anasema hakuambiwa imepigwa. Huyu alichukua kwa mali kauli, hajalipa mpaka leo. "Na mimi nanunua hivyohivyo, mwanangu. Nami naambiwa ya mama wa benki."

Nilimwamini kwa sehemu. Biashara ile kweli inaanza na uongo wa mtu mwingine, na kila anayelipokea gari analiongezea wake kidogo. Lakini kuna uongo unaoupokea na kuna ule unaoutengeneza kwa kifaa cha kuchomeka kwenye dashibodi. Nilimwambia hivyo. Akasema kijana alifanya bila yeye kujua. Na kijana ameshaacha kazi. Nikauliza ameenda wapi, akataja yadi nyingine.

Giaboksi ya kutoka Japani, iliyotumika, tuliipata Ilala kwa laki nane na nusu. Ufundi na ATF mpya vikafikisha milioni moja na elfu themanini. Nilitaka zote. Akaanza na laki mbili za "kufutana machozi". Tukaishia laki sita. Kuhusu kilometa, yaani tofauti ya thamani ya gari la elfu sabini na gari la laki na nusu, hakutaka hata kuigusa, na mimi sikuwa na nguvu ya kuidai. Nikimkumbuka rafiki yangu na kidole chake kwenye stika, nilijua ninauza kesi ya hamsini kwa hamsini kwa bei ya hamsini kwa hamsini.

Akatoa karatasi: *Nimepokea shilingi laki sita na sina madai mengine yoyote.* Nafasi ya saini ilikuwa moja tu, yangu. Nikamwomba aongeze ya pili. "Ya nini?" Nikamwambia: ya anayenilipa, jina lake kamili, na neno "muuzaji" kabla ya jina. Alinitazama muda mrefu. Nje kulisikika mtu anauliza kama kuna anayehudumia. Akasaini. "Muuzaji" hakuandika, aliandika "mhusika". Nikalichukua hilo.

Gari limenitumikia vizuri tangu pale, sina budi kusema. Giaboksi ile mpya haijawahi kuteleza. Mwaka 2024, mwezi wa kumi, nikiwa kwenye foleni palepale Ubungo, nilitupia jicho dashibodi ikawa inasoma 118,340. Nikapiga picha. Gari langu lilikuwa limefika Agosti 2015.

Sasa nataka kuliuza. Wiki iliyopita nilimwita dalali mmoja wa mtaani kwetu, kijana mchangamfu, aje alione apige picha. Akalizunguka, akagonga bodi kwa vidole, akasifu tairi. Alipofungua mlango wa dereva akainama, akakaa vile kidogo, akacheka.

"Madam, hii stika ing'oe. Inakushusha bei bure."

Nikamwambia naijua, imekaa pale miaka yote.

"Miaka yote?" Akaitazama tena kwa karibu, akapitisha ukucha pembeni yake. "Sisi gari ikiingia, kabla hata ya kuoshwa, mtu anapita milango yote na boneti na kiwembe. Ndiyo kazi ya kwanza." Akasimama, akajifuta mikono, na usoni alikuwa na ile dharau ya fundi cherehani anayeona pindo lililoshonwa vibaya na mwenzake. "Hii walikuuzia akina nani, madam?"